Nafaka Iliyolowa: Kudra, Subira na Mega Zinazopotea Kasongo na Kabambare

Mwezi wa Februari 1871, msafiri Mskoti David Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, mahali ambapo leo panaitwa Kabambare. Vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza kwa miezi, karatasi zimemwishia, na wino vilevile. Akaanza kuandika juu ya karatasi zilizokwisha chapwa maneno mengine, kwa wino wa mimea uliotengenezwa papo hapo. Barua moja aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller ilififia hata ikawa haisomeki tena. Mwaka 2010 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki waliipiga picha kwa mianga ya rangi nyingi, maneno yakajitokeza, na barua ikawekwa kwenye intaneti ili kila atakaye aisome bure.

Kwa kijana wa Kabambare, bure hiyo ina gharama. Akitaka kuiona barua iliyotoka kwao, huanzia kwenye kabine, ile meza ndogo ya kando ya barabara yenye mwavuli na simu mbili tatu, ambako ananunua unite, yaani salio la simu. Anazigeuza unite kuwa mega za intaneti kwa kubonyeza namba moja baada ya nyingine. Kisha anakwenda kutafuta rezo, yaani mtandao, pale inapofika: kwenye kilima, juu ya kichuguu, au chini ya mti fulani ambao mtaa mzima unaujua. Anaishika simu juu ya kichwa. Picha inafunguka nusu, mstari wa kwanza wa mwandiko unaonekana, halafu duara linabaki likizunguka. Anangoja. Mega zinapungua, picha haisogei. Usiku wa manane muda wa forfe, kile kifurushi alichonunua, unakwisha, na asubuhi anakuta ujumbe wa Kifaransa unaomwarifu kwamba hana kitu tena.

Ukimuuliza, atasema: "Tufanye nini? Ni mapenzi ya Mungu."

Neno hilo si la kubezwa. Kasongo ni mji ambamo Uislamu una mizizi mirefu kuliko karibu mahali pengine pote Kongo, tangu siku ambazo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, aliufanya kuwa makao yake. Ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki pia. Msikitini na kanisani watu wa kusini mwa Maniema wamefundishwa subira, na historia yenyewe imewafundisha mara ya pili: misafara ya pembe za ndovu na watumwa, vita vya 1892 hadi 1894 baina ya waungwana wa Tippu Tip na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukoloni, na katika miaka ya karibuni bunduki za wanamgambo wa Mai-Mai kule Salamabila. Aliyevumilia hayo yote hawezi kushindwa kuvumilia simu isiyofungua picha. Lakini hapo ndipo penye swali. Subira ile inadaiwa na nani? Mega iliyoliwa bila kutumika ni kudra, kama mvua iliyokataa kunyesha, au ni haki ya mtu iliyoko mkononi mwa mtu mwingine?

Kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa chuoni Kasongo amekisikia. Mtume Muhammad alipita sokoni Madina, akamkuta mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na rundo la nafaka. Akauingiza mkono ndani ya rundo. Vidole vikatoka vimelowa. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Yule akajibu kwamba mvua ilinyesha juu yake. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Muslim, na husomwa kama onyo dhidi ya ulaghai wa jumla. Ni kweli, lakini yafaa kukitazama kwa karibu zaidi. Yule mfanyabiashara hakusema uongo. Mvua ilinyesha kweli. Alitoa udhuru ambao chanzo chake ni Mungu mwenyewe, na Mtume hakubishana naye juu ya mvua. Alichokitaka ni jambo moja: nafaka iliyolowa ikae mahali inapoonekana.

Kwa hiyo ndani ya rundo moja mlikuwa na mambo mawili. Mvua haikuwa na mshitakiwa. Kuiweka nafaka iliyolowa chini, na ile kavu juu, kulikuwa na mwenyewe.

Intaneti ya Kasongo na Kabambare ina mvua zake, na haki inataka zitajwe. Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo masika huigeuza tope. Kindu iko ukingo wa magharibi wa Lualaba, Kasongo iko upande wa mashariki, na mto huvukwa kwa kivuko au mtumbwi. Mnara usio na umeme wa mji hula mazutu, yaani dizeli, na pipa la mazutu likifika huko huwa limeongezeka bei kila lilipopakuliwa na kupakiwa tena. Pano za jua zimepunguza taabu hiyo, lakini betri nazo huchoka, na mwezi wa mawingu haumsikilizi mtu. Kebo ya baharini ya WACS inafika nchi kavu Muanda, kwenye Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Mnara ambao faiba haijaufikia hutegemea kupokezana mawimbi kutoka mlima hadi mlima, au setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la simu likipanda huko na jibu likashuka, karibu nusu sekunde imekwenda kabla ya herufi moja kuonekana, na njia hiyo nyembamba hugawanywa kwa kila mtu aliyeshika simu chini ya mnara ule.

Mtu anayedai kwamba mega ya Kabambare iuzwe kwa bei ya Kinshasa hajaitazama barabara. Tomaso wa Akwino, ambaye mapadri wa Kasongo walimsoma seminarini, alikubali zaidi ya karne saba zilizopita kwamba mfanyabiashara ana haki ya faida kwa ajili ya kazi yake na kwa hatari ya kusafirisha mali kutoka mahali hadi mahali. Ughali una hoja zake. Unaweza kujadiliwa, kupunguzwa kwa ushindani, kusaidiwa na serikali. Wenyewe peke yake si dhambi. Lakini katika sehemu hiyohiyo ya kitabu chake kikubwa cha teolojia, Akwino anasema muuzaji anayejua kasoro iliyojificha katika mali yake analazimika kuitaja, na asiyeijua, siku akiijua, anapaswa kumfidia mnunuzi. Kipimo pungufu anakiweka pamoja na kasoro hizo. Umbali wa barabara unampa muuzaji haki ya kupandisha bei, haumpi ruhusa ya kuficha upungufu wa kipimo.

Tuuache mnara kidogo tuingie sokoni. Maniema ni nchi ya mpunga, na mchele wake hupimwa kwa kopo. Mama muuzaji hulijaza kopo hadi mchele ufanye kilima, uanze kuporomoka pembeni, kisha hutia gao moja juu: matabishi. Mnunuzi anaona yote. Anajua hila zinazowezekana: kopo lililopondwa kitako likaingia ndani, vidole vilivyozama ukingoni, mchele wa zamani uliochanganywa na mpya. Akishuku, hulipindua kopo na kulitazama kitako. Wenzake wakisikia mabishano husogea, na katika dakika chache soko zima limekuwa hakimu. Hakuna aliyewahi kumwambia mnunuzi huyo kwamba kitako kilichopondwa ni mapenzi ya Mungu.

Mega haina kitako. Hapa pana jambo jipya katika historia ya biashara ya watu wa kawaida: kipimo kiko nyumbani kwa muuzaji, muuzaji ndiye anayekisoma, na mnunuzi huletewa matokeo tu. Mwenye duka la mchele humpimia mteja mbele ya macho yake. Kampuni ya simu humpimia mteja mahali asipoweza kufika, kwa mashine asiyoijua, kisha humwandikia kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwake. Huenda kipimo ni sahihi mara zote. Mteja hana njia ya kujua, na hiyo peke yake imebadilisha mzigo wa uaminifu. Sura ya 83 ya Kurani, inayoitwa al-Mutaffifin, yaani wapunjao, inawaonya wale wanaopokea chao kamili na kuwapunguzia wengine wanapowapimia. Upunjaji unaotajwa pale ni mdogo, wa punje chache mizanini. Sura nzima ilipewa jina la punje hizo.

Wanazuoni wa fikihi walikwenda mbali zaidi. Waliharamisha mauzo yenye gharari, yaani kumuuzia mtu kitu ambacho hakijulikani kama kitapatikana, na mifano yao ilikuwa ya watu wanaoijua dunia: samaki aliye bado majini, ndege aliye angani, mtoto wa ngamia aliye tumboni. Mtu analipa leo. Samaki huenda akavuliwa, huenda asivuliwe. Forfe ya siku moja inayouzwa wakati mnara umelala ni samaki aliye majini, na tena ni samaki mwenye saa ya kufa. Pesa imeingia mara ile ile, kwa uhakika wote. Kilichonunuliwa kinategemea mazutu, mawingu na fundi aliyeko Kindu.

Mtetezi wa kampuni atajibu, na jibu lake lina uzito. Atasema kwamba wanazuoni walewale waliisamehe gharari ndogo. Walitoa mfano wa hamamu: mtu hulipa kiingilio bila kujua atatumia maji kiasi gani wala atakaa muda gani, na mauzo ni halali, kwa sababu hakuna njia ya kupima bila kuwasumbua wote. Rezo nayo hupanda na kushuka. Mvua hupita, watu huongezeka jioni. Nani atauza intaneti akiahidi kila sekunde? Na tena mnunuzi alibonyeza 1 kukubali.

Hamamu basi, na tukubali. Lakini aliyelipa kiingilio cha hamamu akakuta hakuna maji kabisa hurudishiwa pesa mlangoni. Hakuna mwanazuoni aliyesema akae ndani akiwa mkavu hadi saa yake iishe. Fikihi ina neno la haki hiyo, khiyari ya aibu: mnunuzi aliyekuta kasoro ambayo hakuonyeshwa ana hiari ya kurudisha. Ama ile 1 iliyobonyezwa, ridhaa ya mtu asiyeambiwa kwamba mnara umelala tangu asubuhi ni ridhaa juu ya nafaka kavu, iliyolowa hakuiona.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya adabu za kutafuta riziki alimtaka muuzaji asiisifu mali kwa sifa isiyo nayo, asifiche aibu yake, asifiche kiasi chake, na asifiche bei yake ya sokoni. Ukichukua tangazo lolote la mega lililobandikwa ukutani Kasongo ukalisoma kwa macho ya al-Ghazali, la pili na la tatu ndiyo yatakayokukwaza zaidi. Neno "4G" limeandikwa kwa herufi kubwa. Siku ambazo mnara haukufanya kazi mwezi uliopita hazikuandikwa popote.

Na malalamiko yanapelekwa wapi? Mteja anapiga namba ya huduma. Anasikia muziki, anachagua lugha, anasikia muziki tena, kisha simu inakatika, pengine kwa sababu ileile iliyomfanya apige. Anarudi kwenye kabine. Kijana aliye chini ya mwavuli ndiye uso pekee wa kampuni ambao mteja amewahi kuuona, na uso huo haumiliki kitu. Amenunua unite kwa jumla, faida yake ni franka chache juu ya kila mauzo, hana namba ya siri ya kumfikia fundi, wala hajui mnara utawaka lini. Yeye pia simu yake haifunguki. Anatukanwa tangu asubuhi hadi jioni kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyelitenda, kama yupo, hatasikia hata tusi moja.

Hili ndilo jeraha la kimaadili lililo zito kuliko franka zenyewe. Mafundisho ya dini zote mbili juu ya haki ya biashara yanadhani kwamba muuzaji na mnunuzi wanaonana. Mtume aliweza kuingiza mkono kwenye rundo kwa sababu rundo na mwenye rundo walikuwapo. Mama wa mchele hawezi kupunja kwa miaka kumi katika soko moja, kwa kuwa kesho atakutana na macho yaleyale. Kampuni imejitenga na macho. Aliyepanga kwamba forfe ife usiku wa manane yuko kwenye ofisi mbali sana na Kasongo, na huenda ni mtu mwema, msali, mwenye kutoa sadaka. Hajawahi kumwona mwuguzi wa ofisi ya eneo la afya la Kabambare au Lusangi, ambaye ripoti za mwezi za vituo vyake huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara, akinunua mega kwa pesa zake mwenyewe ili idadi ya watoto wagonjwa ifike kwa wakati. Hajamwona mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani wa taifa akilipia ujumbe ambao jibu lake haliji. Dhuluma ya zamani ilihitaji moyo mgumu. Hii inahitaji umbali tu.

Kwa hiyo kumwambia kijana wa Kabambare asubiri ni kuipa kampuni heshima anayostahiki Mungu. Subira ni ibada inayoelekezwa kwa Mwenye kudra, katika njaa, ugonjwa na msiba. Mtu akiielekeza kwa mfanyabiashara aliyepokea pesa, amempunguzia Mungu chake na kumwongezea muuzaji asichokuwa nacho.

Wakongo wenyewe walionyesha hivi karibuni kwamba wanaijua tofauti hiyo. Mwaka 2020 serikali ilianzisha tozo ya RAM, daftari la simu za mkononi, iliyokatwa moja kwa moja kwenye unite: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Mtu alitia unite jioni akakuta zimepungua kabla hajapiga. Hapakuwa na wa kumsihi. Ilikuwa kama kipimo kilichopondwa kitako na serikali yenyewe. Watu walikataa kuita jambo hilo majaaliwa. Walipiga kelele mitaani, redioni na bungeni, na mwanzoni mwa 2022 tozo ilifutwa.

Sheria nayo ipo. ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, iliundwa mwaka 2002, na sheria mpya ya mawasiliano ikafuata Novemba 2020. Mwaka 2025 mamlaka hiyo iliipa Starlink leseni, mwaka mmoja baada ya kuipiga marufuku, na setilaiti zake huruka chini sana, kama kilomita 550, hivyo jibu hurudi upesi. Kwa mwenye uwezo wa kununua sahani na kulipa kila mwezi ni faraja kubwa. Lakini muuzaji wa pili sokoni hanyooshi kopo la muuzaji wa kwanza, na mnunuzi wa mega za franka mia chache hatapanda juu ya kichuguu na sahani.

Kasongo ina jambo lake la kujivunia katika suala hili la kipimo, na vijana wengi hawalijui. Kuanzia 1971 ulikuwapo pale mradi wa afya uliofanywa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp. Wauguzi waliandika kadi za watoto kwa mkono: nani alichanjwa surua, nani aliishi, nani alifariki. Mwaka 1981 hesabu hizo zilichapishwa katika jarida la The Lancet, na wataalamu wa afya duniani wakaanza kubishana kwa takwimu zilizotoka kusini mwa Maniema. Hapakuwa na rezo. Palikuwa na kadi, kalamu, na watu waliokubaliana kwamba kila mtoto ataandikwa bila kurukwa. Ulimwengu ulizisikiliza namba za Kasongo kwa sababu zilikuwa zimepimwa na watu wa Kasongo.

Kazi hiyohiyo inawezekana leo, na kwa gharama ya daftari moja. Msikiti, parokia na kila kabine inaweza kuwa na daftari la rezo: tarehe, saa mnara ulipozimika, saa uliporudi, forfe gani ilinunuliwa na mega ngapi zilikufa bila kutumika. Miezi mitatu ya daftari kama hilo, kutoka Kasongo, Samba na Kabambare, ikipelekwa ARPTC pamoja na nakala kwa wabunge wa Maniema, haitakuwa manung'uniko ya mtu mmoja mmoja chini ya mwavuli. Na wenye mimbari wana sehemu yao. Sheikh anayeeleza al-Mutaffifin Ijumaa, na padri anayefundisha amri ya saba Jumapili, wasiishie kwenye kopo la mama wa mchele, ambaye tayari ana soko zima la kumwangalia. Waitaje mega kwa jina lake.

Kwa kampuni ombi ni dogo, na halihitaji faiba mpya wala mnara mpya. Kabla ya kupokea pesa ya mtu wa Kabambare, zimwambie kwa Kiswahili kama mnara wake uko hai au umelala; na saa ambazo ulilala, zirudishwe kwenye forfe yake.